Shoroba za kijani zipewe kasma ya kudumu, si fedha za uzinduzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila msimu wa bajeti za miji hupewa dakika chache kisha likaahirishwa, nalo ni fedha za shoroba za kijani. Nakusudia ile mistari ya miti, vichaka na maua inayounganisha bustani moja na nyingine kandokando ya barabara, mito, reli na mifereji, ili nyuki, vipepeo, nondo, ndege na popo wanaochavusha mimea waweze kuvuka mji huku wakipata chakula na mahali pa kuzaliana njia nzima. Ubishi juu ya umuhimu wake umekwisha katika miji mingi; mipango imeandikwa na ramani zimechorwa. Kinachozikwamisha ni aina ya fedha zinazotengwa. Shoroba hizi hulipiwa kama mradi, wenye siku ya kuanza na siku ya kufungwa, ilhali zinapaswa kulipiwa kama huduma, katika kasma, yaani kifungu cha bajeti, ya matumizi ya kawaida, kama zinavyolipiwa taa za barabarani na uzoaji wa taka.

Kabla ya kuingia kwenye hesabu, ni vema tukumbushane ukubwa wa kinacholindwa. Mwaka 2016 IPBES, jukwaa la kimataifa linalozishauri serikali kuhusu bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, lilitoa tathmini yake ya wachavushaji na uzalishaji wa chakula. Tathmini hiyo ilionyesha kwamba robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, uchavushaji unaofanywa na wanyama, na kwamba mavuno yanayotokana moja kwa moja na kazi hiyo yalikuwa na thamani ya kati ya dola za Marekani bilioni 235 na bilioni 577 kwa mwaka. Karibu asilimia 90 ya mimea ya porini inayotoa maua huwahitaji wanyama hao pia. Nao si nyuki wa asali peke yao. Zipo zaidi ya spishi 20,000 za nyuki duniani, na walio wengi huishi bila mzinga, bila malkia na bila mfugaji wa kuwasemea. Mwaka uliofuata watafiti walichapisha vipimo vya Ujerumani vilivyoonyesha kwamba uzito wa wadudu warukao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika muda wa miaka 27. Vipimo hivyo vilichukuliwa ndani ya maeneo ya hifadhi. Kwa maneno mengine, kukizungushia mipaka kipande cha ardhi na kukiita hifadhi hakukutosha kuwanusuru wadudu waliokuwamo.

Mji, tofauti na watu wengi wanavyodhani, unaweza kuwa kimbilio. Utafiti uliofanyika katika miji minne ya Uingereza, yaani Bristol, Edinburgh, Leeds na Reading, na kuchapishwa mwaka 2019, ulibaini kwamba bustani za nyumba na vile viwanja vidogo ambavyo wakazi hukodi kulima mboga na maua ni vituo vikubwa vya wachavushaji. Sababu yake haifichiki: pale ambapo kila kaya hupanda ipendacho, hupatikana maua ya aina nyingi yanayochanua kwa zamu, wakati shamba kubwa la zao moja huchanua kwa wiki chache kisha likawa jangwa kwa mdudu anayetafuta chakula. Kinachoupungukia mji ni njia. Kati ya kituo kimoja na kingine pana lami, kuta, maegesho ya magari na nyasi zilizonyolewa hadi ardhini. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, lakini nyuki wadogo wanaoishi mmoja mmoja huishia mita mia chache tu kutoka kwenye tundu lao, na kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo safari inavyokuwa fupi. Ndiyo maana jijini Oslo, Norwei, njia ya wachavushaji kupita katikati ya majengo ilipoanza kuchorwa mwaka 2015, ilikusudiwa pawe na kituo cha maua kila baada ya mita 250 hivi. Kwa nyuki wa aina hii, ushoroba wenye pengo la nusu kilomita ni daraja lililong'olewa mbao za katikati, na fedha zilizotumika pande zote mbili zimepotea nusu ya thamani yake.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie nieleze kwa undani kidogo kile ambacho fedha hizo zinapaswa kununua, kwa sababu bajeti nyingi hudhani kwamba ushoroba ni maua basi. Tuchukue nyuki jike wa aina zinazochimba ardhini, na hao ndio wengi kuliko wote. Hutafuta udongo mtupu, uliokauka vizuri, unaopigwa na jua, akachimba tundu lisilozidi upana wa penseli, akiutoa udongo kwa miguu mpaka kukawa na kilima kidogo mlangoni. Chini huko hutengeneza vyumba, na katika kila chumba huweka tonge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya maua, akalitagia yai moja, akaziba, akaanza chumba kingine. Mtoto hubaki humo miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka mzima, kabla ya kutoka. Sasa fikiria idara ya bustani inayofunika kila sentimita ya udongo kwa matandazo mazito, au kwa turubai la kuzuia magugu, au kwa saruji ya mapambo. Maua yatakuwepo, picha zitapendeza, na nyuki hawatakuwa na pa kuzalia. Kipande cha udongo mtupu kisichoguswa ni sehemu ya ushoroba, na kwa bahati nzuri ndicho chenye gharama ndogo kuliko vyote. Vivyo hivyo gogo lililooza likiachwa lilipo: kuna nyuki wanaotoboa mbao na wengine wanaohamia katika matundu yaliyoachwa na mbawakawa.

Maua yenyewe yanahitaji kuchaguliwa kwa elimu. Maua mengi ya mapambo yaliyozalishwa ili yawe na petali tabaka juu ya tabaka hayana chavua ya maana wala mbochi unaofikika. Mdudu huzunguka juu yake kisha huondoka mikono mitupu. Mimea ya asili ya eneo husika ndiyo inayofahamiana na wadudu wa eneo hilo, ikiwemo ile ambayo majani yake hulisha viwavi wa vipepeo, kwani hapana kipepeo bila kiwavi, na hapana kiwavi bila jani lililoliwa. Orodha ya mimea ipangwe ili kila mwezi pawe na kitu kinachochanua. Na izingatie kwamba wachavushaji hawafanani kwa ufundi. Nyanya na bilinganya huificha chavua ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo nchani, na aina fulani za nyuki hulishika ua, zikaitetemesha misuli ya kifua kwa nguvu mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Anayetaka mboga za mjini zizae vizuri hana budi kuwatunza hata nyuki asiowajua kwa jina.

Ipo pia gharama ya usiku, ambayo sijawahi kuiona katika makadirio ya mradi wowote wa aina hii. Nondo na wadudu wengine huchavusha gizani. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha maeneo yaliyomulikwa kwa taa za barabarani na yale yaliyoachwa gizani, ukakuta kwamba kwenye mwanga wadudu wa usiku walitembelea maua kwa asilimia 62 pungufu. Ikiwa ushoroba unapita kando ya barabara, basi sehemu ya fedha iende kwenye vifuniko vya taa vinavyoelekeza mwanga chini penye watu, badala ya kuumwaga juu ya vichaka usiku kucha.

Baada ya hayo, tutazame jinsi fedha zinavyotumika sasa. Mradi hupata ufadhili wa mwaka mmoja au miwili. Sehemu kubwa huenda kwenye kununua miche, kuisafirisha na kuandaa siku ya kupanda. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja yanayofuata siku hiyo. Unainama kwenye shimo, unauvuta kidogo mche ulionyauka, unatoka wote na kiriba chake cha plastiki kikiwa kimekaza mizizi, kwa sababu aliyeupanda alikuwa mgeni wa heshima mwenye haraka na hapakuwa na mtunza bustani wa kusimama naye wala wa kurudi kesho yake kurekebisha. Jirani yake upo mche uliopandwa vizuri lakini haukupata maji tangu mvua zilipokatika. Huo wa tatu umefyekwa na mashine ya kukatia nyasi, kwa kuwa mfyekaji alikuwa na mkataba wake, na mkataba huo haukutaja neno lolote kuhusu miche. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu uliokufa kwa kukosa fedha za kupandia. Yote ilikufa kwa kukosa mshahara wa mtu wa kuitunza katika misimu miwili au mitatu ya kiangazi inayofuata, na huo ndio muda ambao mimea michanga huamua kuishi au kufa.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa wanaopanga bajeti ni kwamba mradi wowote wa ushoroba usiidhinishwe mpaka makadirio yake yaonyeshe, mwaka kwa mwaka, fedha za umwagiliaji, palizi, kupandia miche iliyokufa na ujira wa watunzaji kwa miaka isiyopungua mitano, na baada ya hapo fedha za matunzo ya kudumu ziingie katika kasma ya idara husika. Fedha zikiwa kidogo, ushoroba ufupishwe, usikatwe utunzaji. Kilomita moja inayotunzwa ina faida kwa wachavushaji kuliko kilomita tano zilizopandwa zikaachwa.

Wapo watakaouliza fedha hizo zitoke wapi, na ni haki yao kuuliza. Sehemu yake tayari imo ndani ya bajeti ya kila mji, ikitumika kinyume cha lengo hili. Hifadhi za barabara, vipita shoto, kingo za mito na viwanja vya wazi hufyekwa mara kwa mara kwa fedha za umma, na mara nyingi mkandarasi hulipwa kwa idadi ya mara alizofyeka, jambo linalomfanya apate faida kadiri nyasi zinavyokatwa hata pale ambapo hazijahitaji kukatwa. Katika mji wa Springfield, Massachusetts, Marekani, watafiti walilinganisha nyua za nyumba zilizokatwa nyasi kila wiki, kila baada ya wiki mbili na kila baada ya wiki tatu, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 nyuki walikuwa wengi zaidi pale palipokatwa kila baada ya wiki mbili, kwa sababu maua madogo yanayoota yenyewe kati ya nyasi yalipata nafasi ya kuchanua. Katika jimbo la Dorset, Uingereza, wasimamizi wa kando za barabara walianza kuziondoa nyasi baada ya kuzikata badala ya kuziacha zioze palepale. Udongo ukapungua rutuba, nyasi zikapunguza kasi ya kuota, maua ya porini yakapata nafasi, na haja ya kufyeka ikapungua. Mikataba ya ufyekaji iandikwe upya ili mkandarasi alipwe kwa hali ya eneo, kwa mfano mimea gani ipo na njia ya waenda kwa miguu iko wazi kiasi gani, na akiba itakayopatikana ihamishiwe kwenye matunzo ya shoroba.

Najua malalamiko yatakuja kwamba mji umeachwa uwe pori. Malalamiko hayo yasidharauliwe. Watu wana haki ya kuona mbele wanapotembea jioni, na kichaka kirefu kando ya njia isiyo na watu ni hofu ya kweli, hasa kwa wanawake. Jibu lake lipo katika usanifu: ukanda mfupi unaofyekwa mara kwa mara pembeni ya njia, mimea ya chini mbele, ya kimo cha kati nyuma yake, na miti iliyopunguzwa matawi ya chini ili macho yapite. Ukanda ule uliofyekwa pia humwonyesha mpita njia kwamba mahali hapo panatunzwa na kwamba urefu wa mimea iliyo nyuma umekusudiwa. Gharama yake ni ndogo, nami ningependa iwe ya kwanza kuandikwa kwenye makadirio, kwa sababu ushoroba usiopendwa na majirani zake hauishi muda mrefu.

Chanzo cha pili ni kuunganisha mafungu ambayo leo hukaa katika idara zisizozungumza. Jiji la Medellín nchini Kolombia lilianza mwaka 2016 kujenga shoroba 30 za kijani kandokando ya barabara na mikondo ya maji, kwa gharama ya takriban dola milioni 16 za Marekani. Lengo lake kuu lilikuwa kupunguza joto, na jiji liliripoti kushuka kwa joto kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi katika maeneo ya shoroba. Linalonivutia zaidi ni kwamba jiji liliwafundisha watu kutoka mitaa ya hali ya chini kazi ya utunzaji bustani na kuwaajiri, hivyo matunzo yakawa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Mstari uleule wa mimea unapoza barabara, unanyonya maji ya mvua kabla hayajafurika kwenye mifereji, unachuja vumbi na unalisha nyuki. Idara ya maji, idara ya barabara na idara ya afya zote zinapata kitu, na zote zinapaswa kuchangia. Mahali ambapo wamiliki wa majengo hutozwa kulingana na eneo la paa na sakafu ngumu linalomwaga maji ya mvua kwenye mifereji ya umma, tozo hiyo ndiyo chanzo kinachofaa kuliko vyote, kwa kuwa ni ya kila mwaka na ina uhusiano wa moja kwa moja na kazi inayofanywa.

Kuhusu mikopo na hatifungani za kijani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji kugharimia miradi ya mazingira, zinazosifiwa sana siku hizi, maoni yangu ni kwamba zina mahali pake na lazima mahali hapo pawekewe mipaka. Mwaka 2016 mamlaka ya maji ya Washington ilitoa hatifungani ya dola milioni 25 kwa ajili ya miundombinu ya kijani ya kupunguza maji ya mvua, ikiwa na masharti kwamba malipo kwa wawekezaji yangetegemea matokeo yaliyopimwa. Utaratibu huo una nidhamu nzuri, maana humlazimisha mkopaji kupima. Hata hivyo hatifungani hulipia ujenzi: kuvunja lami, kuandaa udongo, kuweka mabomba ya umwagiliaji. Mji unaokopa ili kulipa mishahara ya watunza bustani unaahirisha tatizo na kuliongezea riba.

Chanzo kingine ni wajenzi. Nchini England, tangu Februari 2024, waendelezaji wengi wa ardhi wanatakiwa na sheria kuhakikisha kwamba thamani ya bayoanuwai baada ya ujenzi inazidi ile ya awali kwa asilimia 10 au zaidi, na kwamba ongezeko hilo linatunzwa kwa muda usiopungua miaka 30. Kifungu cha miaka 30 ndicho ningependa kiigwe kwanza, kwa sababu kinakiri kwamba kupanda bila kutunza si fidia. Natahadharisha tu kwamba utaratibu wa aina hii unaweza kugeuka kibali cha kulipia uharibifu: mjenzi anakata miti mikubwa katikati ya mji na kulipia nyasi mahali pengine mbali. Fedha hizo zitumike kwanza kwenye ushoroba uleule uliokatwa na jengo lake. Mikataba midogo pia isidharauliwe. Jiji la Utrecht nchini Uholanzi liliotesha mimea juu ya mapaa ya vituo 316 vya mabasi mwaka 2019. Mji wowote unaokodisha vituo vyake kwa matangazo unaweza kuweka matunzo ya paa la namna hiyo kuwa sharti la mkataba, na kituo cha basi, tukikumbuka ile mita 250, mara nyingi huwa kipo mahali hasa ambapo bustani haiwezi kuwepo.

Wananchi nao washirikishwe kwa fedha, si kwa hotuba. Toronto, baada ya kupitisha mkakati wake wa kuwalinda wachavushaji mwaka 2018, ilianzisha ruzuku ndogo za hadi dola 5,000 za Kanada kwa vikundi vinavyotaka kuanzisha bustani za wachavushaji mitaani na shuleni. Ni njia nzuri ya kuziba mapengo ambayo idara ya mji haiwezi kuyafikia, kwa sababu ardhi kubwa ya mji imo mikononi mwa watu binafsi, shule na nyumba za ibada. Hatari yake ni kwamba ruzuku za kuombwa huwafikia kwanza wenye muda, elimu ya kuandika maombi na bustani tayari. Mitaa yenye msongamano, ambayo ndiyo yenye joto kali na kijani kidogo, hubaki nyuma. Ramani ya mapengo ndiyo iamue fedha zinaanzia wapi, na mtaa usio na kikundi cha kuomba upelekewe ofisa wa kuusaidia kuomba.

Lipo jambo moja ambalo nalisema nikijua litawaudhi watu wenye nia njema. Kampuni zinapotaka kuonekana zinasaidia wachavushaji, mara nyingi hufadhili mizinga ya nyuki wa asali juu ya mapaa ya majengo yao. Nyuki wa asali ni mfugo. Mzinga mmoja wenye nguvu huwa na makumi elfu ya nyuki, na ukiongeza mizinga bila kuongeza maua umewaletea nyuki wa porini washindani wengi kwenye sahani ileile. Mwaka 2020 wanasayansi wa bustani ya Kew walitoa tahadhari kwamba London tayari ilikuwa na mizinga mingi kuliko maua yake yangeweza kulisha. Fedha za mfadhili anayetaka kuweka mzinga zielekezwe kwenye maua na udongo, na bango lake likitaka kusimama, lisimame hapo.

Sharti la mwisho linalohusu fedha ni la manunuzi. Mji unaponunua miche, udai miche isiyotiwa viuatilifu vinavyosambaa ndani ya mmea hadi kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya viuatilifu vitatu vya kundi la neonikotinoidi kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Ingekuwa msiba mji utumie fedha za umma kupanda chakula chenye sumu kisha ukawaalika wadudu waje. Njia ya uhakika ni mji kuwa na kitalu chake au kuingia mkataba wa miaka kadhaa na vitalu vya karibu, ili mkulima wa miche ajue mapema kwamba mimea ya asili ina mnunuzi, kwani asipokuwa na uhakika huo ataendelea kuotesha yaleyale maua ya mapambo yanayouzika haraka.

Najua madiwani wana shule, zahanati na barabara mbovu za kushughulikia, na sidai kwamba nyuki watangulizwe mbele ya mgonjwa. Ninachodai ni kwamba matunzo ya shoroba ni fungu dogo likilinganishwa na bajeti nyingine za mji, na udogo huo ndio unaolifanya liwe la kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna anayeandamana siku lilipokatwa. Serikali zilikubaliana Montreal mwezi Desemba 2022, katika mfumo wa kimataifa wa bayoanuwai, kuongeza ukubwa, ubora na muunganiko wa maeneo ya kijani mijini, na pia kukusanya dola bilioni 200 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote kufikia mwaka 2030. Ahadi za namna hiyo hazina mahali pa kutua mpaka ziwe na namba ya kasma katika kitabu cha bajeti ya mji fulani, na jina la idara inayowajibika nayo.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwako na kwa waandishi wako ni hili. Kitabu cha bajeti kitakapowekwa mezani, mtafute kasma ya matunzo ya shoroba mtuchapishie imetengewa kiasi gani, kiasi gani kilitolewa kweli mwaka uliopita, na ni watunza bustani wangapi walioajiriwa kwa fedha hizo. Pale ambapo kasma hiyo haipo, mkurugenzi wa mji aulizwe ni nani atakayemwagilia miche iliyopandwa mwaka huu, na jibu lake lichapishwe.

Msomaji wako.